Usianze na Makaratasi

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu nyote, habari za jioni. Nimepewa dakika ishirini. Mkiona nazidisha, mama mwenyekiti ana ruhusa ya kugonga meza, nami sitanuna.

Kazi yangu ni ukalimani wa simu. Nakaa chumbani, navaa vya masikioni, simu inaita. Upande mmoja yuko muuguzi, askari, wakili au ofisa wa ustawi wa jamii. Upande wa pili yuko mtu anayesema Kiswahili. Leo wananipigia kutoka nchi hii, kesho kutoka nyingine. Sura ya mtu siioni. Namjua kwa sauti, kwa pumzi anayovuta kabla ya kujibu, kwa mtoto anayelia nyuma yake.

Ukiniuliza ni neno gani nalisikia zaidi kwa wanawake waliokimbia kipigo, utadhani nitasema ni "ananipiga". Neno lenyewe ni "makaratasi". "Dada, mimi sina makaratasi." Mara nyingi linatangulia hata jina lake. Muuguzi anamuuliza ameumia wapi, yeye anajibu hana makaratasi. Muuguzi anarudia swali, akidhani mkalimani hakusikia vizuri. Nimesikia. Huyu mama anajibu swali ambalo anaamini ndilo litakalofuata.

Hofu hiyo amefundishwa, na mwalimu yuko nyumbani kwake. "Nenda polisi, tuone nani atakamatwa." "Napiga simu moja tu, kesho uko kwenye ndege." "Watoto watabaki na mimi, wewe hapa ni nani?" Maneno haya nimeyatafsiri kutoka nchi zisizopakana, yakisemwa na wanaume wasiojuana, na bado ungedhani walisoma darasa moja.

Watu wakisikia "hana makaratasi" wanamfikiria mtu aliyeruka uzio usiku. Wapo walioingia hivyo, nao wanapigwa, na kipigo chao kinauma vilevile. Lakini wengi ninaowatafsiria waliingia kwa mlango wa mbele: uwanja wa ndege, viza ya mke, wakwe wamesimama na maua. Viza ile iliegemea jina la mume. Miaka ikapita, tarehe ya kuihuisha ikakaribia, mume akasema, "Hayo niachie mimi." Pasipoti iko kwenye droo yake. Barua za idara ya uhamiaji zinakuja kwa jina lake. Nywila ya maombi anayo yeye. Tarehe ikafika, ikapita. Siku moja mama wa watu anaamka ni mkaaji haramu na hana habari. Mmoja aligundua akiwa wodi ya wazazi, tumbo la miezi tisa, mbele ya karani aliyemwomba kibali chake.

Kuiacha viza ya mtu ife makusudi ni ukatili wa nyumbani. Hakuna askari atakayekuta jeraha mwilini, lakini kofi la leo mtu anaweza kulikimbia kesho. Huyu atakimbilia wapi?

Iko aina nyingine ambayo watu wetu hawaitambui kama ukatili hata ikipita mbele yao. Mume anamwambia mkewe, "Twende likizo nyumbani, ukamwone mama." Wanaenda. Wiki ya pili, mume anaondoka alfajiri na pasipoti ya mke, na pengine na watoto. Akifika anaiandikia uhamiaji kwamba ndoa imekwisha. Mke amebaki kwa wakwe, au kwao, akiulizwa na majirani anarudi lini. Sisi tunasema "ameachika", tunanyamaza. Kumbe ametelekezwa kwa hila na kunyang'anywa maisha yake. Uingereza, tangu mwanzoni mwa 2024, sheria za uhamiaji zina njia ya mwanamke wa namna hiyo kuomba kurudi akiwa nje ya nchi. Njia ni nyembamba na ina masharti, lakini ipo. Ukimjua mtu wa namna hii, usimwambie "ndiyo basi tena" kabla hajaongea na wakili.

Wapo pia wasichana wa kazi wanaoishi ndani kwa mwajiri, na wake waliowekwa kwenye faili la ukimbizi la waume zao kama kiambatisho. Kila mmoja ana sheria zake, siwezi kuzimaliza hapa. Ila fimbo ni ileile.

Sasa niwaambie kosa langu, kwa sababu sikuja hapa kuwahubiria.

Miaka ya mwanzo ya kazi hii nilimtafsiria mwanamke aliyekuwa akihojiwa na askari. Aliulizwa kama kuna jambo lolote la chumbani. Akakaa kimya, kisha akasema, "Anachukua haki yake hata nikiwa naumwa." Mimi ni Mswahili, nililielewa. Ninyi nyote hapa mmelielewa. Nikatafsiri neno kwa neno: haki yake. Askari akasikia haki, akaandika haki, akageuza ukurasa. Mkalimani haruhusiwi kuongeza lake, hilo ni kweli. Lakini anaruhusiwa kusimamisha mazungumzo na kusema, "Samahani, usemi huu una maana iliyojificha, naomba umuulize anamaanisha nini." Sikufanya hivyo. Niliona haya. Yeye alijitahidi kusema jambo zito kuliko yote maishani mwake, na mimi nikaliacha lipite likiwa limevaa buibui.

Lugha yetu ina tafsida nyingi, na ni uzuri wake. Lakini fikirieni zinavyosikika kwenye chumba cha mahojiano. "Tulikosana kidogo." "Alikasirika." "Alinitia adabu." "Kuna ugomvi wa hapa na pale." Mwanamke aliyevunjwa mkono ananiambia kulikuwa na ugomvi. Ugomvi ni wa watu wawili! Ofisa anaandika kwamba walipigana. Baadaye wakili wa mume anaisoma karatasi ileile mahakamani.

Kwa hiyo ukimsindikiza mtu, kaa naye kabla ya siku ya mahojiano. Usimtilie maneno mdomoni, hilo litamharibia. Muulize tu taratibu: alikasirika, halafu mkono wake ulifanya nini? Ulikuwa umesimama wapi? Watoto walikuwa wapi? Akishazoea kusema kwako, atasema na kule. Na kama mkalimani anayeletwa ni mtu wa jamii yenu, anasali na mume wake au ni binamu ya rafiki wa mume, mwanamke ana haki ya kumkataa. Wengi hawajui. Wanamwona binamu, wanasema "hakuna shida, tulikosana kidogo", wanarudi nyumbani.

Mtoto asitafsiri. Hilo sina haja ya kulieleza.

Nije kwenye sheria, maana wengine mmekaa mkisubiri hapo tu. Mimi si wakili. Nitasema yale ninayokutana nayo kazini mara kwa mara.

Ulaya kuna mkataba uliofunguliwa kutiwa saini mjini Istanbul mwaka 2011, kuhusu ukatili dhidi ya wanawake na ukatili wa nyumbani. Kifungu cha 59 kinagusa moja kwa moja tunayozungumza: mwanamke ambaye kibali chake kilitegemea ndoa aweze kupata chake mwenyewe ndoa ikivunjika katika mazingira magumu mno, na hatua za kumfukuza nchini ziweze kusimamishwa ili aombe. Kizuri kabisa. Lakini nchi inaweza kuuidhinisha mkataba na kukiweka kando kifungu hicho, na Uingereza ilifanya hivyo ilipouidhinisha mwaka 2022. Ndiyo maana siku zote nasema, usimwambie mtu "Ulaya kuna sheria". Muulize yuko nchi gani.

Marekani ilitunga sheria mwaka 1994 inayomruhusu mke anayeteswa na raia, au na mwenye ukaazi wa kudumu, kujiombea makaratasi mwenyewe, kwa siri, bila mume kujua wala kutia saini. Ndani ya sheria za huko kuna jambo ambalo nikilitafsiri nasikia sauti ya upande wa pili ikibadilika: uhamiaji hawaruhusiwi kuamua dhidi ya mwanamke huyu kwa kutegemea habari za mtesaji peke yake. Ile "simu moja tu" anayotishiwa nayo, kisheria haina nguvu anayoidhania. Kwa wengine, ambao mtesaji wao hana uraia wala ukaazi, au hawakufunga ndoa, kuna viza ya waathirika wa uhalifu wanaosaidia uchunguzi. Hiyo inatolewa kwa watu 10,000 tu kwa mwaka, na foleni yake ni ya miaka mingi. Msimwahidi mtu kuwa ni jambo la wiki mbili.

Canada, tangu 2019, ina kibali cha muda kisicholipiwa ada kwa mtu ambaye hali yake ya ukaazi inamtegemea mwenza anayemtesa. Hispania, mwanamke asiye na kibali akishitaki ukatili wa mwenza wake, hafunguliwi faili la kuadhibiwa kwa kukosa kibali, na akipata amri ya ulinzi ya mahakama anaweza kuomba kibali cha kuishi na kufanya kazi. Uholanzi polisi wana utaratibu ambao jina lake, kwa Kiswahili changu, ni "ingia huru, toka huru": mtu asiye na makaratasi anaingia kituoni kuripoti uhalifu, akimaliza anaondoka.

Mnaona tofauti? Katika nchi moja kituo cha polisi ni mlango, katika nyingine ni mtego, na mara nyingi hata polisi wenyewe hawajui kwao ni kipi. Uingereza mwaka 2018 mashirika mawili ya kutetea haki, Liberty na Southall Black Sisters, yalipeleka malalamiko rasmi kwamba polisi wanawapa uhamiaji habari za wanawake waliokuja kushitaki. Desemba 2020 wakaguzi wa polisi walisema kwamba wanawake hawa wanadhurika, na wakataka upelekaji huo wa habari za waathirika wa ukatili wa nyumbani usimame kwa wakati huo. Serikali haikukubali ukuta kamili kati ya pande hizo mbili.

Nikimsikia mtu mwema anamwambia dada wa watu "wewe nenda tu polisi", moyo unaniruka. Kama kisu kiko mkononi mwa mume sasa hivi, piga namba ya dharura, mengine yatafuata. Mtu hafi kwa kulinda viza. Lakini kama kuna hata saa chache za kupumua, simu ya kwanza iende kwa shirika la wanawake au kwa wakili wa uhamiaji, aeleze nchi hii inafanya nini na wewe ukifika kaunta. Na mashirika mengi kati ya hayo hayahitaji hata jina lako halisi ili yakupe ushauri.

Kuna kigingi kingine kisichoonekana: pesa. Mnasikia kuna nyumba salama za wanawake. Zipo. Lakini nyumba salama ina kodi, umeme na mishahara. Uingereza nyingi zinaishi kwa posho ya nyumba ambayo serikali inamlipia mkaaji, na mwanamke ambaye kibali chake kimegongwa mhuri wa kutogusa fedha za umma, posho hiyo haimhusu. Basi anapiga simu, anaulizwa maswali matano, la sita ni la makaratasi, na kitanda kilichokuwepo dakika moja iliyopita hakipo tena. Anayejibu simu si mtu mbaya, nami nimemsikia akilia baada ya mwanamke kukata. Huko Uingereza kuna kibali cha dharura cha miezi mitatu kwa baadhi ya waliokuja kwa viza za wenza, ili waweze kupata posho wakati wanaomba ukaazi. Mwaka 2024 kiliongezewa wake wa wanafunzi na wa wafanyakazi wa kigeni, ila hao miezi mitatu ikiisha, njia ya ukaazi iliyofunguliwa kwa wenzao hawana. Na yule ambaye hakuwahi kuwa na viza ya mwenza hayumo kabisa.

Hapo ndipo sisi tunapoingia, wenye chumba cha ziada, wenye sebule, wenye gari. Sisemi kila mtu amfiche mtu uvunguni. Nasema usiku tatu. Usiku tatu kwa mtu ambaye mume hamfahamu, wakati shirika linamtafutia kitanda, ndizo mara nyingi zinazoamua kama atarudi au hatarudi. Nauli nayo inaamua. Simu mpya yenye laini mpya inaamua, maana simu aliyo nayo huenda ilinunuliwa na mume, na inasema ilipo kila dakika. Nimewahi kutafsiri mazungumzo mazuri kabisa ya kupanga safari, yote yakifanyika kwenye simu ambayo mume alikuwa akiisoma kutoka kazini. Siku hizi, kabla ya kuanza, naomba mhusika amuulize: simu hii ni ya nani?

Vitu vya kubeba, kwa haraka: vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, pasipoti kama inapatikana bila hatari. Isipopatikana, mtu asirudi kuifuata. Picha yake inatosha kuanzia, na hata picha ikikosekana wakili ataanza bila hiyo. Ujumbe wa "nitakurudisha kwenu" usifutwe. Wengi wanaufuta kwa aibu. Kumtishia mtu uhamiaji ni sehemu ya mateso, na ujumbe ule ni ushahidi ulioandikwa na mkono wa mtesaji mwenyewe. Autume kwa mtu anayemwamini, auache huko.

Halafu wapo wauza hadithi. Mnawajua, na sitazunguka. Mtu anamwambia mama wa watu: "Hiyo yako haina nguvu, nitakutungia nzuri." Analipwa. Anamwandikia nchi si yake, kabila si lake, vita ambayo hakuiona. Mwaka mmoja baadaye mama huyu anapata wakili wa kweli, na hadithi yake ya kweli, ambayo ingemtosha kabisa, inagongana na ile ya uongo iliyomo kwenye faili. Nimekaa kwenye simu za namna hiyo. Ofisa anauliza ipi kati ya hizi mbili ni ya kweli, na mimi natafsiri kimya cha dakika nzima. Alichopitia kinatosha. Kiandikwe kama kilivyo.

Wazee wangu, ninyi nimewaacha mwisho kwa sababu nawaogopa kidogo.

Mnaitwa kusuluhisha. Mume anakuja amenyoa vizuri, anaongea kwa adabu, mke analia na sauti imepanda. Mnawakalisha pamoja, mnamwambia mume apunguze hasira na mke avumilie. Mvumilivu hula mbivu. Huyu amevumilia miaka saba na alichokula ni makofi. Ndoa ambayo mmoja anaweza kumfukuza mwenzake nchini haisuluhishwi kwa kuwakalisha pamoja, kwa sababu mmoja amekaa na mwingine amening'inizwa. Atakubali chochote mtakachosema. Atasema "nimesamehe", mtafurahi, mtapiga dua, na njiani kwenda nyumbani ataulizwa kwa nini aliwaambia watu.

Naomba muwasikilize kila mmoja peke yake, mke kwanza, na mkishasikia kipigo, suluhu iishie hapo. Muulizeni mume pasipoti ya mkewe iko wapi. Swali hilo moja, likitoka kwa mzee anayeheshimiwa, limewahi kufungua droo ambazo barua za mawakili zilishindwa. Si kila mahali, na si kwa kila mwanamume. Mwingine litamchochea, kwa hiyo muulizeni mke kwanza kama anataka liulizwe.

Na sisi wanawake tuache kuchunguzana. Mtu akija kwako na jicho limevimba, kabla hujamkalisha usimuulize, "Kwani wewe ulikuja kwa njia gani?" Nimesikia swali hilo likigeuka udaku ndani ya siku moja, na udaku ukamfikia mume kabla mke hajapata wakili. Mwekee maji. Mwambie anaweza kukaa. Muulize kama kuna mtoto wa kumchukua shuleni. Siku atakapoona ni lazima ujue, makaratasi atakuambia mwenyewe.

Mama mwenyekiti ananitazama. Basi nitafunga hapa, tupokee maswali. Najua yapo ambayo hayaulizwi mbele ya watu, kwa hiyo baada ya hapo nitakaa kwenye kile kiti karibu na mlango, simu nimeizima, sina haraka. Na ukija kuniuliza kwa niaba ya rafiki yako, sitakuuliza rafiki huyo ni nani.